Breki za Landrova ya Katekista

Vijana mnaoshika spana leo, sogeeni. Kazi ya breki nimeiacha, lakini kushtuka sijaacha. Mke wangu husema nitakufa kwa mshtuko, si kwa uzee, nami humjibu kwamba ni heri, maana fundi wa breki aliyezoea kila kitu ni wa kuogopwa kuliko breki mbovu yenyewe. Katika gereji nilishtuka miaka yangu yote. Lakini ya kiangazi kilichopita yalinizidi, na yalinikuta nikiwa mstaafu kabisa, nimekaa barazani kwangu hapa Nyamiaga nachambua maharage.

Nilisikia ngurumo ya injini ya kizamani. Landrova ya kijani, ile yenye gurudumu la akiba juu ya boneti, iliacha barabara ikaingia uani kwangu taratibu. Ikapita kando ya jiko, ikampita mbuzi wangu aliyefungwa, ikaenda kuegemea mgomba mnene kuliko yote niliyo nayo, ndipo ikasimama. Mgomba uliinama na mkungu wake. Akashuka Katekista Deo wa Nyakisasa, mtu ninayemfahamu tangu akiwa kijana wa kwaya.

"Shikamoo, mzee Silvesta."

"Marahaba. Deo, umenigongea mgomba!"

"Sijagonga, mzee. Nimesimama."

"Unasimama kwa mgomba?"

"Nyumbani ninao wangu nimeuzoea. Ukiwa ugenini inabidi utafute ulio mnene."

Maharage yalinimwagika. Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa imepanda, ameshukaje ule mteremko wa kuja kwangu, wenye kona na korongo upande wa kushoto. Akaniambia anashuka kwa gia ya kwanza na Salamu Maria. Akianzia juu kabisa asikosee maneno, fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi, linamfikisha chini. Hakuwa anatania. Alinieleza kama mtu anayekueleza saa za basi.

Nikaleta jeki. Mke wangu akasema, "Wewe si umestaafu?" Nilifungua gurudumu la mbele, nikavuta drami, yaani lile bakuli la chuma ambalo breki hubana kwa ndani ili gari lisimame. Mle ndani panatakiwa pawe na vyuma viwili vya mviringo, breki shuu, kila kimoja kimevaa ukanda mgumu wa kusugua tuuitao lainingi. Vyuma vilikuwepo. Lakini vilikuwa vimevaa mpira wa tairi, umekatwa kwa kisu na kupigiliwa misumari ya viatu. Vijana, breki ya gari ilikuwa imevaa katambuga!

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nikamwuliza nani amefanya hivi, akasema ni yule bwana anayeshona ndala za tairi gulioni, ana mkono mzuri sana. Upande wa pili palikuwa na ajabu nyingine: bomba la mafuta ya breki limekunjwa na kugongwa nyundo hadi likafungana, kwa sababu lilikuwa linavuja. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Gari la abiria, lenye breki kwenye gurudumu moja na nusu, linapanda na kushuka vilima vya Ngara limejaa watu waendao hospitali.

"Deo," nikamwambia, "hili gari halitoki hapa."

"Litatoka, mzee. Skola anaolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi."

Hapo niwaeleze. Skola ni binti wa pekee wa Deo. Alizaliwa ndani ya Landrova ile, kwenye benchi la nyuma, mama yake akiwa njiani kupelekwa hospitali. Mama huyo, Felista, amekwisha kufa. Alipokuwa anaumwa alimwomba mumewe kitu kimoja: mtoto aondoke nyumbani kwa gari alimozaliwa. Deo alimwahidi, na Deo ni katekista, akiahidi kitu mbele ya mgonjwa ameahidi. Bwana harusi alikuwa wa Nyabusozi, kule Biharamulo, kwa hiyo bibi harusi na bibi yake na nusu ya kwaya nzima wangesafirishwa na breki ile ya katambuga, wateremke milima yote mpaka kwa wakwe. Niliwapiga picha kichwani wakiimba kuelekea kwenye kona.

Nikasema nitaifanya. Ila kwa masharti ya Fundi Nestori.

Hamkumjua Nestori. Alikuja nchini na wazazi wake wakikimbia kutoka Burundi, wakalima, akakua, akawa fundi mkuu wa gereji ya misheni nilikojifunzia kazi. Alikuwa mfupi, mpole, na hakuwahi kupandisha sauti. Neno lake lilikuwa "buhorobuhoro", yaani taratibu, hata kama paroko amesimama mlangoni anatikisa funguo. Nestori alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja: aliyegusa breki hupanda wa kwanza. Ukishamaliza kufunga, kabla mwenye gari hajaingia na familia yake, wewe uliyefunga unakaa kiti cha mbele, gari linashushwa mlima. Siku moja mtunza stoo wetu, bwana mmoja mnene mwenye maneno mengi, alikuwa amepita tu akamwokotea Nestori nati iliyoanguka.

"Umegusa?" Nestori akamwuliza.

"Nimeokota nati tu, fundi."

"Panda."

Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Bwana yule alirudi kutoka mlimani amelowa jasho, na tangu siku ile akawa anakagua spea za breki kabla hazijaingia stoo kwake. Kabla ya hapo alikuwa anapokea chochote kilichofungwa kwenye boksi.

Na sasa maboksi. Zamani hatukununua breki shuu nzima. Tulinunua lainingi, tukatoboa, tukapiga riveti kwa mkono, na ukanda wenyewe ulikuwa unanuka ukiuchoma, mgumu, mzito. Siku hizi kila kitu kinakuja tayari, kina boksi zuri na karatasi inayong'aa ukiigeuza juani. Nilikwenda kwenye duka moja, sitalitaja wala mji wake, kijana muuzaji akanipa seti ya breki shuu za Landrova ya zamani. Nilifurahi, maana nilidhani hazipo tena duniani. Akaniambia, "Hii orijino, mzee wangu, angalia stika." Nikaangalia stika. Ilikuwa orijino kweli, ile stika.

Nestori alitufundisha kwamba spea hujaribiwa kwa mkono kabla ya gari. Uinyanyue, uzito ukukubali. Uikwaruze kwa ukucha. Uigonge kwa spana usikilize, na mwisho uiloweke. Nilipofika nyumbani nikatumbukiza breki shuu moja kwenye beseni la maji, nikaketi kunywa chai. Sikumaliza kikombe. Lainingi ilikuwa imebanduka kutoka kwenye chuma, inaelea. Nikaishika, ikafumuka vidoleni: makaratasi, na kitu kama pumba za mbao, vimeshindiliwa na gundi vikapakwa rangi nyeusi. Kitu hicho kilikuwa kinauzwa kwa watu ili wakifungie kwenye magari yenye watoto! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja akidhani nimeumwa na nyoka. Nilipomwonyesha, naye akapiga kelele, na hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Niliirudisha dukani kesho yake, imelowa, ndani ya beseni lilelile. Kijana akatazama beseni, akatazama wateja waliokuwepo, akasema, "Mzee, kwani gari lako linatembea majini?" Nikamwambia hapa kwetu kuna kitu kinaitwa masika. Wateja wawili wakaweka chini walichokuwa wameshika. Nilipata pesa yangu nikaondoka.

Basi nikaanza kutafuta kwa simu. Hapo vijana mmetushinda, nakubali. Skola mwenyewe alinifundisha kupiga picha ya spea na kuituma kwenye makundi ya mafundi, na majibu yakaja kutoka Kahama, Mwanza, mpaka Kigoma. Lakini picha haina uzito, na haikwaruzwi. Nilitumiwa silinda za breki zinazofanana na zangu kama pacha, nilipozipima kwa kalipa zikawa nyembamba kwa unene wa ukucha. Unene wa ukucha kwenye breki ni kaburi. Nilizirudisha na basi lilelile.

Tulipookolewa, tuliokolewa na wakwe. Bwana harusi, kijana aitwaye Jasto, alikuwa na shangazi huko Nyabusozi, mjane wa dereva wa zamani wa Landrova. Marehemu alikuwa ameacha debe la spea, na shangazi alikuwa amelijaza majivu ya jikoni mpaka juu ili zisipate kutu. Jasto akanipeleka. Tulichambua majivu yale kama watu wanaotafuta viazi, na nikatoa silinda za breki mpya kabisa, nzito, chuma chake kinang'aa kwa ndani, pamoja na breki shuu zenye lainingi ya kupigwa riveti. Nilikwaruza kwa ukucha. Ukucha ndio uliovunjika. Nilimkumbatia yule mama bila kuombwa, akacheka akasema majivu yamemchafua.

Ila sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hukosea. Chuma cha zamani kikitunzwa ni dhahabu. Raba ya zamani, hata ikitunzwa vipi, imezeeka. Ndani ya kila silinda kuna raba ndogo kama kifuniko cha chupa, nazo ndizo zinazozuia mafuta ya breki yasitoroke ukikanyaga pedeli. Zile za debeni zilikuwa zimekauka, nikizikunja zinapasuka. Nikamwagiza muuzaji mmoja wa Mwanza, Msukuma mkweli ambaye nimefanya naye kazi tangu ana duka la ukubwa wa kabati, aniletee raba mpya. Alizituma na basi. Mimi siku hiyo nilikuwa mjini Ngara nasimamia drami zikichongwa mashineni, kwa hiyo Deo ndiye aliyepokea mzigo, akaenda nao kwake Nyakisasa mpaka nitakapomwita.

Nilimwita siku ya Alhamisi, harusi Jumamosi. Drami zimechongwa, bomba jipya limefungwa, silinda zimesafishwa, mikono nimenawa kwa sabuni kama daktari. Deo akanikabidhi raba zimefungwa ndani ya kitambaa cheupe kilichofuliwa.

Nilishika ya kwanza nikaona ni laini. Nikasema moyoni, ubora huu! Nikaisogeza kwenye silinda, haikuingia. Nikajaribu ya pili, ikagoma. Zote zilikuwa nene, zimevimba midomo. Nikampigia simu muuzaji wa Mwanza nikamwuliza ametuma namba gani, akanitajia, na namba ilikuwa ileile niliyotaka. Ndipo nikainusa ile raba. Nestori alitufundisha kunusa kila kitu. Nilinusa mara moja nikahisi niko jikoni kwa mama yangu.

"Deo," nikasema. "Hizi zinanuka samli."

Deo akacheka, na uso wake ulifurahi kabisa. "Ndiyo, mzee. Mama alizitunza."

Mnajua samli kwetu ni nini. Ngozi ya ngoma hupakwa samli isipasuke. Kibuyu cha maziwa hupakwa. Mtoto mchanga hupakwa, na bibi harusi hupakwa asubuhi ya kuondoka kwao, mikono na mabega, aende akiwa laini. Bibi Yustina, mama yake Deo, alikuwa ameandaa samli ya Skola kwa mkono wake. Akaziona zile raba, kavu, ndogo, akaambiwa hizo ndizo zitakazomshikilia mjukuu wake mlimani. Akazionea huruma. Akazitumbukiza kwenye kopo la samli ya bibi harusi zikalala humo mpaka siku ya kuitwa, kisha akazifuta vizuri, moja moja, kwa kitambaa.

Nimeona breki iliyovaa tairi. Nimeona breki ya karatasi. Sijawahi kushtuka kama siku ile, kwa sababu walionishtua kabla walikuwa wazembe na wezi, na huyu alikuwa amefanya kwa upendo mtupu. Raba ya breki haili mafuta yoyote isipokuwa mafuta yake ya breki. Ukiipa samli, au oili ya injini, au grisi, inanenepa, inalegea, inaoza. Ukiifunga hivyo, breki zitakamata zigome kuachia, au raba itachanika na pedeli itazama mpaka sakafuni, na itazama pale utakapokanyaga kwa nguvu kuliko siku zote, yaani kwenye mteremko.

Nilimweleza Deo hayo yote. Akasema, "Tuzipunguze kwa wembe."

"Wembe!"

"Kidogo tu pembeni, ziingie. Ni safari moja, mzee."

"Deo, unanisikia?"

"Au turudishe zile za tairi. Zimenibeba miaka yote. Mzee, nilimwahidi Felista. Alikuwa amenishika hapa." Akanionyesha kifundo cha mkono.

Nilimwonea huruma sana, na nilikuwa na hasira, na sikujua lipi limetangulia. Nikamwambia, "Felista aliomba mwanawe afike. Hakuomba gari lifike." Kisha nikainama, na mgongo wangu huu, nikabeba drami moja nikaipeleka ndani, nikarudi nikachukua nyingine, mpaka zikaisha. Nilizisukuma chini ya kitanda chetu. Mke wangu akauliza kama sasa tutalala na magari. Nikamwambia ndiyo, mpaka nione raba.

Muuzaji wa Mwanza alituma nyingine na basi la Ijumaa alfajiri, lakini basi hilo lilikuwa linaishia Nyakanazi. Jasto akaambiwa. Bwana harusi, siku moja kabla ya harusi yake, akaacha watu wanajenga turubai kwao, akapanda pikipiki, akangojea basi njia panda ya Nyakanazi, akaweka raba mfukoni mwa shati akazileta mpaka Nyamiaga. Alipofika alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi. Hakutaka kuvuka ua, maana baba mkwe alikuwa ndani na mila haimruhusu kuonana naye siku ile. Alinipa mzigo juu ya uzio akiwa ameangalia pembeni.

"Mzee, hizi hajazishika mtu yeyote," akasema. "Na hata mimi sijazifungua."

Nilizifunga mwenyewe, buhorobuhoro. Silinda zote niliziosha tena kwa spiriti. Tukatoa upepo kwenye mabomba, Deo akikanyaga pedeli nami nikifungua na kufunga kule kwenye gurudumu, mpaka pedeli ikawa ngumu chini ya mguu kama kukanyaga jiwe. Tulikuwa tunanawa mikono pikipiki nyingine ilipoingia. Aliyeshuka alikuwa Bibi Yustina, amefunga kanga mbili, ameshika kopo.

"Shikamoo, Bibi," nikasema, maana hata mimi kwangu ni mkubwa.

"Marahaba. Wewe ndiye uriyesema samri yangu mbaya?" Bibi alikua akisema Kihangaza, na katika Kiswahili chake l hutoka kama r. Akafungua kopo akanisogezea puani. "Onja. Onja mbere yangu."

Nikaonja. Ilikuwa samli njema kuliko zote nilizowahi kuonja, nikamwambia hivyo. Nilitamani kuishia hapo. Lakini hapa Ngara kuna bibi wengi wenye samli na huruma, na kunyamaza kungekuwa kuwaua watu kwa adabu. Nikamketisha, nikamwonyesha raba mpya moja iliyobaki na ile yake iliyovimba. Nikamwambia, "Bibi, samli ni ya ngozi. Hii si ngozi. Ukiipa samli inakufa, na walio ndani ya gari wanakufa."

Aliziweka raba mbili kiganjani akazitazama kwa muda mrefu. "Mana yanje," akasema polepole, Mungu wangu. "Skora. Ningemwua Skora." Deo akamshika bega, naye akamwondoa mkono. Akafuta macho kwa kanga, akaniuliza sasa kunafanyika nini. Nikamwambia sasa tunashusha gari mlima kulijaribu, mimi na Deo, kwa sababu fundi wangu alituwekea sheria, aliyegusa breki hupanda wa kwanza.

Bibi Yustina akasimama. "Nami nirigusa," akasema.

"Bibi, zile ulizogusa tumezitupa."

"Nirigusa." Akaenda mpaka kwenye Landrova, akafungua mlango wa mbele, akapanda na kopo lake, akakaa. Deo akanitazama. Nilimsikia Nestori waziwazi akisema "panda", basi nami nikapanda, tukabanana watatu mbele.

Tulianza juu kabisa ya ule mteremko wa kuja kwangu. Deo aliweka gia ya pili, akafungua mdomo kuanza Salamu Maria kwa mazoea, nikamwambia asali baadaye, sasa asikilize gari. Tulishika kasi. Korongo lilikuwa kushoto, upande wa Bibi, naye alikuwa ameangalia mbele tu. Kwenye kona tulikuta baiskeli imebeba mikungu ya ndizi mitatu, mwenyewe anaisukuma katikati ya barabara akiwa ametupa mgongo. "Kanyaga!" nikasema. Deo akakanyaga. Landrova ilisimama palepale, sawasawa, haikuvuta kulia wala kushoto, na mikungu ile ilikuwa bado mbali kabisa na boneti. Mwenye baiskeli hata hakugeuka.

Bibi Yustina akasema, "Rimesimama."

"Limesimama, Bibi."

"Bira mgomba."

Deo aliegemeza paji la uso kwenye usukani akaanza kucheka, halafu haikuwa kicheko tena.

Jumamosi nilikuwa barazani tangu asubuhi. Nilijifanya nachambua maharage. Walikuja wakiimba, nilisikia kwaya kabla ya injini, na Landrova ikaingia uani kwangu ikasimama yenyewe katikati, mbali na migomba yote. Skola alikuwa kwenye benchi lile la nyuma, mabega yanang'aa kwa samli. Alinisalimia, nikaitikia. Bibi Yustina akateremka na kopo, akaja moja kwa moja kwangu akashika mikono yangu miwili.

Mnajua mikono ya fundi wa breki. Mafuta yale yanakula ngozi. Yangu ina nyufa tangu ujana, na haijawahi kupona, kwa sababu kila nilipoipaka kitu nilikumbuka kesho nina raba za kushika, nikaenda kuiosha.

"Hii ni ngozi?" Bibi akauliza.

"Ni ngozi, Bibi."

"Si raba?"

"Si raba."

Akachota samli iliyobaki ya bibi harusi akaipaka mikono yangu, viganja, migongo, kidole kwa kidole, mpaka kwenye viwiko. Nilitaka kuirudisha nyuma. Vijana, mwili mzima ulitaka kukimbilia sabuni. Deo akaniita kutoka kwenye usukani, "Mzee Silvesta, njoo unikazie nati za gurudumu kabla hatujashuka."

"Kaza mwenyewe," nikamwambia. "Mimi nimepakwa."

Akashuka akakaza. Wakaondoka wakiimba, nami nikatembea mpaka barabarani kuwaangalia wakiingia mteremko unaofuata. Kwenye kona ya kwanza taa nyekundu za nyuma ziliwaka, zikazima, zikawaka tena kwenye ya pili. Machozi yalikuwa yananitoka, na kwa mikono ile sikuweza hata kuyafuta.